Nilidhani mwanangu ni mtundu, kumbe hasikii

Nilipomwahidi mwanangu zawadi akijua kusoma kabla ya likizo ya Juni, nilitegemea ataomba baiskeli. Siku alipomaliza ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la kwanza bila kukwama, alikifunga, akaniangalia na kusema: “Nataka sabufa. Ya chumbani kwangu.”

Ana miaka sita. Chumba chenyewe ni cha futi 10 kwa 10, kina kitanda, kabati na ndoo ya vichezeo. Sabufa aliyoiona kwa binamu zake Mbagala inakaribia kimo chake, ina taa zinazowaka bluu na nyekundu, na ikipigwa, vikombe kabatini vinatetemeka.

Baba yake alicheka, akasema mtoto kafuata ukoo wa wapiga ngoma. Mimi sikucheka sana. Ni mwandishi wa habari za afya, na kila inapokaribia Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, huandika kuhusu masikio. Nimeshaandika kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya vijana bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Nikajiambia kwamba katika hili la redio, hakuna wa kunidanganya.

Jumamosi tukaenda Kariakoo, mimi na yeye. Katika duka la kwanza kijana alitupokea vizuri. “Karibu mama, hii hapa ndiyo yenyewe, wati elfu kumi.” Nilimuuliza ni wati za aina gani. Akaonyesha maandishi kwenye boksi: PMPO.

Mzazi mwenzangu, ukiona herufi hizo usitishike. PMPO ni namba ya kuvutia mnunuzi, haina kipimo kimoja kinachokubalika, na kila mtengenezaji anaweza kuandika anavyotaka. Namba yenye maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Sabufa ya “elfu kumi” unaweza kukuta RMS yake ni wati chache tu. Na kwa chumba cha mtoto, chache hizo zinatosha na kubaki.

Kijana akaiwasha. Nikafungua programu ya kupima kelele kwenye simu yangu. Programu hizi hazina uhakika kama vifaa vya wataalamu, lakini zinakupa picha. Ilisoma desibeli 94, wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kama 60. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili. Mwanangu alikuwa amesimama mbele kabisa ya spika, anatabasamu. Akanivuta mkono: “Mama, mwambie aongeze.”

“Dogo ana damu ya muziki huyu!” alisema kijana wa duka. Tukacheka wote.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Tulikubaliana tusinunue sabufa. Badala yake tulichukua redio ndogo yenye spika mbili zinazotenganishwa, inayotumia flashi, kadi ya memori na Bluetooth, kwa Sh65,000. Mwanangu aliridhika baada ya kuona nayo ina kataa kamoja ka bluu. Nyumbani tukaiweka juu ya ubao wa kitanda, upande wa kichwani, kwa sababu ndiko soketi iliko. Nilijiona nimemaliza kazi.

Jioni hiyo bibi yake wa Tanga alituma hadithi ya sungura na fisi kwa ujumbe wa sauti. Huwa anatuma mara mbili kwa wiki, maana kupiga simu kumekuwa na usumbufu, mjukuu kila mara anamwambia, “Bibi, ongea kwa nguvu.” Sisi tulilaumu mtandao.

Redio hiyo sauti yake inaanzia 0 hadi 30. Niliweka 8, nikaenda jikoni kugeuza chapati. Nikasikia bibi anaanza kupiga kelele. Niliporudi, namba ilikuwa 24 na mtoto ameegemeza sikio kwenye spika.

“Punguza!” Hakugeuka. “Nimesema punguza!” Kimya. Nikaenda nikazima mwenyewe, nikatoka sebuleni nikilalamika: “Huyu mtoto siku hizi hasikii kabisa!”

Baba yake alikuwa anaangalia taarifa ya habari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu: “Labda kweli hasikii.”

Niliketi.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo haya mawili. Mtoto asiyetii, tunasema hasikii. Mtoto ambaye sikio lake halipokei sauti, tunasema hasikii. Na mzazi akisema neno hilo kwa hasira, huwa ameshachagua maana ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeichagua kwa miezi. Mara ngapi nimemwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu? Wiki mbili kabla nilimnyima katuni siku mbili nzima kwa kosa la kutoitika nilipomwita kutoka uani.

Yote yakaanza kurudi. Mwalimu wake alituandikia kwamba ni mtulivu lakini “hafuati maelekezo mpaka arudiwe”. Runinga alikuwa akiiangalia karibu kabisa, tukadhani ni macho. Alikuwa anasema “eti?” kila sentensi, tukadhani ni mtindo wa shuleni. Mafua yalikuwa hayamwishi tangu mvua za Machi, na usiku alikuwa anakoroma kama mtu mzima. Mimi niliyeandika orodha ya dalili hizi gazetini, nilikuwa nazo zote ndani ya nyumba yangu.

Kabla hajalala nilisimama nyuma yake, kama hatua moja, nikanong’ona maneno rahisi: ndizi, kiatu, saba, maji. Nilimwambia ni mchezo, arudie anachosikia. Alirudia mawili kati ya manne. Hicho si kipimo cha hospitali, lakini kilitosha kuninyima usingizi.

Jumatatu tulikuwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alimwangalia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Kisha akampima kama ngoma ya sikio inacheza inavyopaswa, kwa kifaa kinachosukuma hewa kidogo sikioni. Mwisho akavalishwa hedifoni, akaambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Nilikuwa nimekaa pembeni na mimi mwenyewe niliisikia baadhi ya milio ikivuja kwenye hedifoni. Mkono wa mwanangu ulikuwa umetulia pajani.

Sijui kama kuna kitu kinachouma zaidi kwa mzazi kuliko kukaa unausubiri mkono huo.

Majibu yalikuwa na nafuu. Nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na maji mazito yaliyojikusanya. Daktari alitueleza kuwa kuna njia nyembamba inayounganisha sikio na nyuma ya pua, na kwa watoto wadogo njia hiyo ni fupi na imelala. Mafua ya mara kwa mara, au kuvimba kwa zile tezi ambazo wengi tunaziita nyama za puani, huweza kuiziba. Hewa ikikosa kupita, maji yanajaa. Mtoto haumwi, hatoki usaha, hana homa. Anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa.

“Kwa watoto wengi maji haya huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu,” alisema. “Tutatibu pua, tutasubiri, tutapima tena. Yasipoondoka kuna upasuaji mdogo wa kuweka kimrija.” Kisha akaniuliza imekuwaje tukagundua. Nikamweleza habari ya redio.

Alitikisa kichwa. “Sasa sikiliza mama. Leo anaongeza sauti kwa sababu sikio limeziba. Siku likizibuka, akabaki na mazoea ya 24, hapo ndipo utamharibu. Maji yanaondoka. Lakini zile seli zenye vinyweleo za ndani kabisa, zikifa kwa kelele, haziotii tena.”

Basi tukaanza upya kuchagua. Redio ilikuwa ile ile, lakini safari hii tulichagua ikae wapi, ipigwe kiasi gani, na nani aishike. Nakushirikisha tuliyoyafanya, kwa kuwa najua hata kwako kuna mtoto anayeomba sabufa.

La kwanza, tuliihamisha. Spika zimetoka kichwani mwa kitanda, zikaenda juu ya kabati, upande wa pili wa chumba. Kadiri spika inavyokuwa mbali na sikio, ndivyo sauti inavyofika ikiwa imepungua. Hatukuziweka kwenye kona, kwa sababu kona huongeza besi, na besi ndiyo inayopenya ukuta hadi kwa jirani. Pia juu ya kabati mtoto haning’inii waya wala haiangushii kichwani, ila tumeisogeza ndani na kuubana waya ukutani.

La pili, tuliweka mpaka. Mwaka 2019 WHO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) walitoa kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya kubeba: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama unapungua nusu. Yaani kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20 kwa wiki, 81 ni saa 10, na 84 ni saa tano tu. Ukifikisha 94, ile ya dukani Kariakoo, hesabu inashuka hadi nusu saa kwa wiki nzima. Nililaza simu juu ya mto wake nikapima. Kwetu namba 12 ya redio ilikuwa chini kidogo ya desibeli 65. Nimebandika kipande cha plasta penye 12. Huo ndio mwisho, hata mimi nikiwa napiga deki.

Kama huna programu ya kupimia, tumia njia ya daktari wetu: kaa kitandani kwa mtoto, ongea na mwenzako aliyesimama mlangoni. Mkilazimika kupaza sauti, redio ni kubwa mno.

La tatu, rimoti. Rimoti nyingi ndogo zinatumia betri bapa kama sarafu, na hii ndiyo sehemu ya redio inayonitisha kuliko spika. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Nunua yenye mfuniko unaofungwa kwa skrubu, au fanya kama sisi: ifungie kabatini kwa wazazi, mtoto atumie vitufe. Ukihisi kameza, usimtapishe wala usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali.

La nne, taa. Kale kataa ka bluu nimekaziba kwa selotepu nyeusi. Alilia dakika tano, akasahau. Hadithi ikiisha redio inazimwa, maana chumba cha kulala ni cha kulala.

Na kwa miezi ile ya kusubiri, tulifanya jambo ambalo halihusu redio hata kidogo. Tuliacha kumwita kutoka chumba kingine. Ukitaka kumwambia kitu, unamwendea, unamgusa bega, anakuangalia usoni, ndipo unasema. Mwalimu wake naye alimhamishia dawati la mbele, bila maswali mengi, na ninamshukuru.

Tulirudi kupimwa mwezi wa tisa. Sikio la kulia limekauka kabisa. La kushoto bado lina maji kidogo, tunaendelea kufuatiliwa, na huenda kimrija kikahitajika. Safari hii alipovalishwa hedifoni nilikaa sehemu ile ile, na mkono ulikuwa unanyooka mpaka akamchosha mhudumu.

WHO inasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Nilikuwa naiandika kila Machi kama takwimu. Sasa najua kwamba kuzuia kunaanza na mzazi kujiuliza kabla ya kugomba: hataki, au hasikii? Kama mtoto wako anaongeza sauti kila mara, anasema “eti?” mara nyingi, haitiki akiwa amekupa mgongo, au mafua hayamwishi, mpeleke akapimwe kabla hujamnunulia redio na kabla hujamwadhibu.

Nilimwomba msamaha kwa zile katuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama basi anaweza kupata sabufa.

Nimemwambia hapana. Amenisikia vizuri kabisa, hataki tu kukubali.