Siku mbili Gisenyi, kwenye maji ya moto

Hapa Kiziba kila asubuhi tunaliangalia Ziwa Kivu toka juu ya mlima, lakini wengi wa watoto wetu waliozaliwa kambini hawajaligusa hata na kidole. Kwa hiyo vakansi iliyopita nilimchukua kijana wangu wa miaka 11, pamoja na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, tukaenda Gisenyi kulala usiku mmoja kwa rafiki wa kanisani. Nawaandikia ili na ninyi, siku mkipata ruhusa na nauli, mjue yaliyoko.

Toka Karongi basi linapita Rutsiro. Barabara ni ya lami, ila ni kona juu ya kona. Kijana alitapika mara mbili. Chukueni mfuko.

Gisenyi ni mji wa kupumzika. Pembeni ya ziwa kuna miti mirefu, hoteli kubwa kubwa, nyumba za zamani za wakoloni, na mchanga ambapo kila mtu anaweza kukaa. Watu wanaogelea, wengine wanakodi mitumbwi. Hapo ndipo inaanzia pia ile njia ndefu ya Congo Nile Trail, kilomita 227 mpaka Rusizi, wageni wanaifuata kwa miguu ao kwa baiskeli. Jioni wavuvi wanaondoka wakiimba, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti, kwenda kutafuta sambaza.

Sisi tulianzia Nyamyumba, kusini ya mji, karibu na kiwanda cha bia. Tulipanda moto mbili. Hapo maji yanatoka chini ya mawe yakifuka moshi, kisha yanaingia ziwani. Wenyeji wanayaita amashyuza. Pale yanapotokea huwezi kutia mguu, yanachoma kabisa. Unakaa kando, pale yanapochanganyika na maji baridi. Vijana wa hapo wanakuja kukukanda miguu. Mpatane bei mbele, si nyuma. Mama alikaa karibu saa nzima, macho amefunga. Sisemi kama amepona, lakini usiku ule hakulalamika.

Kijana akaniuliza ni nani anayewasha moto chini ya maji. Nikamwambia nilivyofundishwa: ardhi yetu ya Kivu inapasuka polepole sana, mvua inaingia ndani ya nyufa, inakutana na mawe ya moto, inarudi juu ikiwa imechemka. Na chini kabisa ya ziwa, ambalo kina chake kinakaribia metre 480, kuna gesi nyingi. Ile mitambo ya upande wa Karongi inaitoa gesi hiyo tangu 2016 na kufanya umeme, megawati 26. Lakini gesi nyingine inaua. Mazuku inakaa kwenye mashimo bila rangi, bila harufu. Wazazi, msiache watoto waingie kwenye mashimo karibu na ziwa.

Jioni tulikaa kwenye mchanga. Giza likaingia, taa zikawaka ng'ambo.

«Koko, ule mji njo gani?»

«Njo Goma.»

«Goma yenyewe? Basi twende! Si ni karibu, tunaweza kufika na miguu.»

Hakuna aliyemjibu mara moja. Kwa kweli ni karibu. Mama yangu alikuwa akishuka toka Masisi na mifuko ya maharagwe, anauza Birere, pale pale mpakani. Mara ya mwisho alivuka mpaka huo 1996, akija huku. Mwishowe akasema: «Mguu unaweza kufika, mwanangu. Usalama njo haujafika.» Na tangu vita vya Januari 2025 pale Goma, ninyi wenyewe mnajua.

Asubuhi mapema, kabla ya mawingu, tuliuona Nyiragongo na moshi wake kichwani. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu wengi sana wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ukalipuka tena, na mitetemeko ikapasua nyumba hata za Gisenyi. Kijana akasikiliza, kisha akasema: «Kumbe chini ni kumoja tu.» Ndiyo, chini ni kumoja.

Akauliza Masisi iko upande gani. Mama akanyosha mkono: «Haionekani. Iko nyuma ya ile milima.» Mtoto akasimama akiangalia pale mpaka basi likatuita.

Wazazi wenzangu, zamani huyu mtoto akiulizwa kwao, alikuwa anajibu «Kiziba», basi. Habari za Masisi alizozijua toka kwangu zilikuwa za bunduki tu. Kosa lilikuwa langu. Sasa kila jioni anakaa na koko wake, anamuuliza majina ya vilima, mito, na mashamba, anaandika kwenye kaye. Mama anakumbuka mengi kuliko nilivyofikiri. Wenye wazee nyumbani, msingoje safari ya Gisenyi. Waulizeni leo.

Mungu awalinde. Tuonane mwezi ujao.