Historia ya Programu Ikae kwa Nani?

Mwaka 1972 serikali ilitangaza madaraka mikoani, na papo hapo ikazifuta halmashauri za wilaya. Jina lilisema madaraka yanashuka kwa wananchi. Kilichoshuka hasa ni maofisa wa serikali kuu. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi 1984, na Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Somo hilo nalileta katika jambo ambalo wengi huwaachia mafundi.

Wanafunzi wangu watatu wanaandika programu ya kutunza hesabu za mauzo ya samaki. Mmoja anaishi Musoma, wa pili Bunda, wa tatu Butiama. Waliniuliza: mabadiliko ya kazi yao wayatunze kwa Subversion au kwa Git?

Katika Subversion historia yote hukaa kwenye seva moja. Mwandishi huwa na nakala ya kufanyia kazi tu, na hawezi kuandikisha badiliko bila kuifikia seva hiyo. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mshiriki historia nzima. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, mtumiaji wa Git aliendelea kuandikisha kazi yake na kuisoma historia yake, akisubiri tu kuiunganisha na ya wenzake.

Subversion si duni. Mafaili makubwa ya picha huyamudu vizuri, na ni rahisi kuamua nani aguse folda ipi. Ofisi yenye siri ina haki ya kulifikiria hilo. Lakini niliwahi kuiona taasisi ya umma iliyobaki na programu inayofanya kazi bila mtu wa kueleza kwa nini inakokotoa inavyokokotoa. Seva ilikuwa ya mkandarasi, na mkandarasi alikwisha ondoka. Mikataba yetu hudai programu iliyokamilika. Ni nadra kudai historia yake. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hicho ni kifungu kimoja tu cha kuongeza.

Hata hivyo, Git nayo yaweza kuwa madaraka mikoani ya 1972. Watu huchagua mfumo uliotawanyika, kisha wote huiweka kazi yao GitHub, mali ya Microsoft tangu 2018. Historia ya msimbo wanayo mikononi, ndiyo. Lakini mijadala na ruhusa za nani aingie zimebaki kwa mwenye nyumba.

Niliwashauri vijana watumie Git, nakala kuu iwe katika akaunti ya kikundi, na nyingine kamili ikae kwenye kompyuta ya ofisi itakayoitumia programu. Wamekubali. Wanachobishania sasa ni nani ataidhinisha mabadiliko: wa Bunda anataka mtu mmoja apewe dhamana hiyo, wa Butiama anataka wapige kura.