Bibi wa Kisu na Ndizi

Teksi ya Noah ya kutoka Kayanga, Karagwe, haiondoki mpaka ijae, na yetu ilijaa mara mbili. Sikuona kero. Nchi hii ni nzuri kwa namna ya kujificha: huoni nyumba mpaka jogoo awike katikati ya migomba, na chini ya migomba mna mibuni, chini ya mibuni maharage. Kando ya njia kijana anageuza kahawa kwa nyayo juu ya turubai.

Wengi huja kuona Bweranyange, alikotawala mfalme Rumanyika aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, au kuoga maji moto ya Mtagata. Mimi nilifuata mto. Kagera unaitenga wilaya ya Kyerwa na Rwanda, kisha unageukia mashariki kuelekea Murongo, ng'ambo ikiwa Uganda. Rangi yake ni chai ya maziwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ulibeba maiti kwa maelfu hadi Ziwa Viktoria. Wakimbizi waliovuka walijaa kambi za Karagwe, mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao.

Bibi aliyenikaribisha alikuwa akimenya ndizi, viganja vimepakwa mafuta utomvu usigande. Nilitarajia habari za mto; akanipa habari za sufuria. Alimwazima mkimbizi mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, naye hakuirudisha.

"Sufuria si kitu, mwanangu. Sikumuuliza jina. Jina huzaa maswali, na mwaka ule maswali yalitisha. Sasa najiuliza: ile ilikuwa huruma, au woga tu?"

Nikamwambia hiyo ni falsafa. Akacheka: mambo ya wasomi hayo! Hata Hannah Arendt, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, alikataa kuitwa mwanafalsafa alipohojiwa mwaka 1964. Naye mwanafalsafa Mkenya Odera Oruka, alipozunguka Kenya akitafuta wahenga, aliowarekodi karibu wote ni wanaume. Pengine jikoni hakuingia. Mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokaa Arusha, angalau, iliwasikiliza akina mama: ushahidi wa wanawake wa Taba, Rwanda, katika kesi ya aliyekuwa meya wao, Akayesu, ndio uliofanya, mwaka 1998, mahakama ya kimataifa itamke kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji waweza kuwa mauaji ya kimbari.

Hayo nayo nilimweleza bibi. Alisikiliza, hakusema neno, akanipa kisu. Ndizi yangu ya kwanza niliimenya pamoja na nusu ya nyama yake. Akaitazama, akawarushia mbuzi maganda, akanisogezea nyingine.