Bibi alipong'oa 'ndago' za bustani

Misimu miwili ya masika ilimkosesha usingizi mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam. Maji ya paa yalikuwa yamechimba mfereji chini ya dirisha la watoto hadi mawe ya msingi yakaonekana. Ukoka alioupanda ulikufa kwa kivuli cha mwembe.

Muuza miche wa barabarani akamshauri apande mmea ambao majani yake hutawanyika juu ya shina kama mbavu za mwavuli. Hupenda maji, huvumilia kivuli, na mizizi yake hushika udongo. Alinunua viriba 12, akawa anaumwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Kufikia vuli, ardhi ilikuwa imefunikwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Singida. Siku ya pili, alfajiri, alishika jembe. Mwenye bustani alipotoka nje, alikuta mashina yote yamelala chini.

"Ndago zimekujalia hapa, mwanangu, nawe unaziangalia tu!"

Alimeza hasira, akaingia ndani. Mumewe akamwambia, "Mvumilie, ndiyo mama huyo." Maneno hayo yalimuuma kuliko jembe.

Mchana alirudi nje, akaketi karibu na mkwewe, akaokota shina moja. "Mama, hujakosea. Lishike, lina pembe tatu kama ndago. Ni ndugu. Lakini tazama chini."

Bibi aliipekua mizizi kwa vidole. Alitafuta zile punje ngumu ambazo ndago huziacha ardhini ukiing'oa, kisha zikachipua upya. Hakuziona.

"Ndago imenila mgongo miaka yote," alisema taratibu. "Nikiona pembe tatu, mkono unakwenda wenyewe. Nisamehe, mama."

Jioni walipanda upya pamoja, wajukuu wakibeba maji. Vichwa vilivyovunjika walivipunguza majani, wakavilaza kifudifudi kwenye beseni la maji. Baada ya wiki chache vilitoa mizizi, bibi akavipanda mwenyewe, huku akionya kuwa vichwa vikianza kukauka vikatwe, mbegu zisisambae.

Masika yaliyofuata msingi haukuonekana tena. Bibi alikuwa amesharudi Singida, lakini kila mvua ikinyesha hupiga simu. Akishaitikia shikamoo, huuliza kwanza:

"Ndugu zake ndago hawajambo?"