Kutoka Nyegina Hadi Musoma: Safari ya Kuuza Pikipiki

Anayetaka kukijua kijiji cha Nyegina hana budi kufika alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Wakati huo moshi wa majiko hupanda wima juu ya mapaa, na yale mawe makubwa ya matale, yaliyotapakaa katika nchi yote ya Musoma na Majita kana kwamba yamemwagwa na jitu, huwa bado ya baridi na yenye umande. Kati ya mawe hayo watu wamelima muhogo na mtama, na wamejenga nyumba zao. Mwenye haja mjini huanza safari mapema. Zamani alikwenda kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, na siku hizi wengi huenda kwa pikipiki.

Wazee wa hapa hupenda kutukumbusha kwamba Kambarage Nyerere wa Butiama, aliyeandikishwa katika shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, alikuwa akija misheni ya Nyegina kwa miguu kujifunza dini. Mimi nimeipita njia hiyo ya mjini kwa namna zote tatu. Safari ninayotaka kuisimulia leo ni ya pikipiki, nayo ilikuwa safari yangu ya mwisho nikiwa mwenye pikipiki ile.

Ilikuwa Honda CG 125, nyekundu, na tenki lake lilikuwa limechujuka rangi pale magoti yanapoligusa. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wake walikuwa wamekwisha kuona jinsi pikipiki zinavyobebeshwa mizigo mizito katika nchi kama zetu, huku zikikosa matengenezo. Kwa hiyo waliunda injini ambayo vali zake husukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa na mnyororo mwembamba, na mnyororo wa gurudumu la nyuma wakaufunika wote ili vumbi lisiule. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, ndiyo maana vipuri vyake havimsumbui mtu hata katika miji midogo. Kwa ufupi, ni pikipiki iliyotengenezwa kwa kufikiriwa sisi.

Niliipata Dar es Salaam, nilikokuwa tarishi wa ofisi moja. Kwa miaka kadhaa niliiendesha ikiwa mali ya ofisi, nikipeleka barua na hati. Ofisi ilipoipiga mnada mwaka 2006, niliinunua mimi niliyekuwa nikiijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Watu hudhani kwamba utamu wa pikipiki mjini ni kasi. Sivyo hata kidogo. Katika Barabara ya Morogoro, kabla ya mabasi ya mwendo wa haraka kuanza kazi mwaka 2016, hakuna aliyekwenda kasi saa moja ya asubuhi. Utamu wenyewe ni kwenda taratibu wakati wengine wote wamesimama. Nilikuwa nikitoka Kimara jua likichomoza, nikapita kati ya safu mbili za magari, goti la kulia karibu na mlango wa lori na la kushoto karibu na basi lililojaa wafanyakazi wenzangu, ambao nyuso zao zilikuwa zimekwisha kuchoka kabla siku haijaanza.

Aidha, aliye ndani ya gari hufunga kioo, lakini mwenye pikipiki hana kioo cha kufunga. Mji humwingia puani, masikioni na mifupani. Ubungo niliijua kwa moshi wa mabasi ya mikoani, Manzese kwa harufu ya maandazi yanayoelea katika mafuta, na bonde la Jangwani kwa ubaridi wake wa alfajiri, ambao hulishika koo ghafla na kuliachia mtu anapopanda kuelekea Fire. Nilipofika Kivukoni, harufu ya samaki na chumvi iliniambia kwamba nchi kavu imekwisha. Nikifumba macho leo, hapa Nyegina, naweza kuipita njia hiyo yote bila ya kupotea.

Lakini mji huo huo una upande wa pili. Mwezi Desemba mwaka 2011, mafuriko makubwa yalipoikumba Dar es Salaam, nilifika ukingoni mwa bonde la Jangwani nikakuta Mto Msimbazi umeimeza barabara. Nikageuza. Siku ile niliona nina akili. Mwaka 2013 nilijiona sina, kwa sababu katika njia panda moja gari lilikata kushoto bila ya kuwasha indiketa, nami nilikuwa nikilipita ubavuni kwa kuwa nilizoea kupita. Mguu wangu ulivunjika mahali pawili. Pikipiki ilipinda miguu ya mbele, na fremu ikapata ufa karibu na shingo ya usukani. Mguu uliunganishwa na madaktari, fremu ikaunganishwa na fundi wa kuchomelea. Kisha nikaipaka rangi nyekundu juu ya kovu lake, nikaendelea nayo hadi nilipostaafu mwaka 2018 na kurudi nayo nyumbani.

Sasa goti limekataa kupiga kiki, hasa wakati wa masika. Nilipotangaza kwamba nauza, alikuja mtoto wa marehemu jirani yangu. Marehemu baba yake tulichunga pamoja utotoni, kwa hiyo kijana huniita baba mdogo. Ana leseni, amejifunza kwa utaratibu, na alitaka kufanya kazi ya bodaboda mjini Musoma. Kazi hiyo ina historia ndefu katika nchi hizi zinazolizunguka ziwa. Jina lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, wakati vijana walipowavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Hapa kwetu kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki ya abiria nafasi yake katika sheria ya leseni za usafirishaji, na tangu hapo vijana wengi hawaoni njia nyingine iliyo karibu zaidi ya kupata riziki.

Niliomba shilingi 1,100,000. Mama yake alizileta jioni moja, zimefungwa katika pindo la kanga. Alikuwa ameuza ng'ombe, na nyingine amekopa katika kikundi chao cha akina mama. Kijana aliizunguka pikipiki mara tatu, akaniuliza habari za Dar es Salaam. Nami nikamsimulia yale yote niliyokusimulia wewe juu ya Kimara, Manzese na Kivukoni. Macho yake yalimeremeta. Nilisimulia vizuri mno, maana sikufika kwenye njia panda ile. Tukakubaliana kwamba fedha zikae kwa mama yake mpaka kesho yake, tutakapokwenda mjini kuandikishana.

Usiku mama watoto alizima taa, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Umewaambia habari za lile kovu?"

Nikajibu kwamba fremu imekwenda miaka mingi bila ya tatizo lolote.

"Sikukuuliza hilo," akasema. "Nimekuuliza kama umewaambia."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiku ule nilitambua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiitembeza pikipiki yangu, tena nikiitembeza kwa masimulizi matamu. Anayeuza kitanda kibovu humwangusha mnunuzi sakafuni, akacheka na kuinuka. Anayeuza pikipiki yenye siri humkabidhi mnunuzi jambo ambalo litajulikana barabarani, kijana akiwa na abiria mgongoni. Na mimi niliyekaa mwaka mzima na magongo nilikuwa mtu wa mwisho kuwa na haki ya kulinyamazia.

Asubuhi mama yake alipokuja kutuaga, niliwaita wote wawili chini ya mwembe. Nikachukua msasa, nikaikwangua rangi shingoni mwa fremu mpaka mshono wa chuma ukaonekana. Nikaeleza kila kitu: mwaka, njia panda, ufa, mguu. Nikavuta suruali juu wakaliona na kovu langu.

Mama yule aliutazama mshono kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shemeji, mbona jana hukusema?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikizihitaji fedha, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Haya," akasema. "Mpelekeni kwa fundi, lakini fundi nitamchagua mimi. Akisema haifai, ng'ombe wangu amekwisha kwenda, lakini mwanangu bado ninaye."

Basi tukaondoka, mimi mbele na kijana nyuma, mawe ya Nyegina yakianza kupata joto la jua. Wanafunzi walikuwa njiani, na wanawake wenye ndoo walitupisha. Tulipokaribia mji, ziwa lilionekana, la buluu iliyokoza. Musoma ni mji uliojengwa juu ya ulimi wa nchi ulioingia majini, kwa hiyo mwendesha pikipiki huupata upepo wa ziwa karibu kila anakogeuka. Si Dar es Salaam. Foleni yake humalizika kabla mtu hajaipa jina. Lakini nilipoingia Nyasho, kati ya mikokoteni, baiskeli, wauza dagaa na bodaboda zinazoitana kwa honi, niliisikia tena furaha ile ya zamani ya kupita. Nikajua kwamba kijana nyuma yangu anaisikia pia, kwani alikuwa amenyamaza kimya.

Fundi wetu hufanya kazi chini ya mti, na sakafu yake ni udongo mweusi wa oili. Aliing'oa taa ya mbele, akaugonga mshono kwa nyundo ndogo huku akisikiliza, akakamata miguu ya mbele na kuitikisa. Akatwambia kwamba mshono ni mzima na umechomelewa na mtu anayeijua kazi yake, lakini bolringi za shingo zimekwisha na lazima zibadilishwe siku ile ile. Kisha akamgeukia kijana. "Abiria mmoja," akasema. "Mishikaki hapana. Siku utakapopakia watu wawili nyuma, usinitaje mimi."

Tukakaa juu ya gogo, tukaanza bei upya. Nilishuka hadi shilingi 800,000, na bolringi nikazilipia mimi. Fedha zilizobaki, mama yake alikuwa amekwisha kumwagiza la kufanya nazo iwapo zingebaki: bima, na kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria. Mama huyo hakuwahi kusoma utafiti wowote, lakini wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za dunia mwaka 2008 walikuta kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kichwa changu mwaka 2013 ni shahidi wa hesabu hiyo.

Halafu tukaenda mamlaka ya mapato na mkataba wa mauziano, kadi ya asili, vitambulisho na namba zetu za mlipa kodi. Nawasihi wasomaji wanaouza vyombo vyao wasilione jambo hili kuwa usumbufu. Wengi hupeana kadi mkononi na kuachana, na siku chombo kinapoua mtu au kinapotumika katika wizi, anayetafutwa ni yule ambaye jina lake limo katika kumbukumbu. Jina langu likaondoka, la kijana likaingia. Nilidhani sitasikia kitu, lakini nilipoliona jina jipya nilihisi kama mtu aliyeoza binti.

Kurudi, alikaa yeye mbele. Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile nilipanda pikipiki hiyo nikiwa nyuma, mikono yangu haina kazi. Nilimwonyesha mahali pa kupunguza mwendo, na mahali ambapo mbuzi huruka ghafla kutoka kwenye minyaa. Tulipofika nyumbani nilitoa nauli nikampa.

"Baba mdogo, nitachukuaje nauli kwako?"

"Chukua," nikamwambia. "Asiyewatoza jamaa zake leo, kesho atakosa fedha ya breki."

Akaipokea kwa mikono miwili. Mama yake aliitazama ile kofia ya pili, akaijaribu kichwani juu ya kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Alfajiri iliyofuata niliamka kwa mazoea kwenda kuifuta umande, nikakuta chini ya mwembe pana doa la oili tu. Kisha nikaisikia, upande wa pili wa kijiji, ikiwashwa kwa kiki moja. Nilisimama mlangoni nikihesabu gia kwa masikio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuiingiza ya nne mpaka alipoyapita mawe.