Ombi la Ghorofa ya Juu

Nilitua Newark mwishoni mwa Juni 2024, na joto lililonipokea nje ya uwanja lilikuwa la Mombasa ya mwezi wa Machi. Mjomba alikuwa akinisubiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanipokonya begi kabla sijamaliza salamu za nyumbani. Hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kufika Marekani. Nilikwenda kumwona, lakini mamangu alinituma pia kujifunza. Mimi ndiye ninayesimamia vyumba vyake vya kupangisha huko Mombasa, na kaka yake huyu, baada ya miaka mingi ya kazi za usiku, alifanikiwa kununua nyumba ya familia tatu katika Jersey City.

Mtaa wake uko mwendo mfupi kutoka stesheni ya Journal Square. Nyumba nyingi ni za mbao, zimebanana bega kwa bega, ngazi za mbele zikishuka hadi ukingoni mwa barabara. Ukifuata Newark Avenue unakuta maduka ya Wahindi, harufu ya bizari na vitumbua vya kwao, na mara mbili tatu nilisikia Kiswahili cha Kenya kikizungumzwa kwenye foleni. Mjomba anakaa chini. Ghorofa ya kati ina mke na mume na mtoto mdogo. Juu kabisa anakaa mama mmoja wa makamo, peke yake, mpangaji ambaye hajawahi kuchelewesha kodi.

Jioni moja baada ya magharibi, Mjomba aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa mkataba wa mama huyo wa juu, wenye kifungu kinachokataza wanyama ndani ya nyumba. Nyingine ilikuwa barua fupi ya mtaalamu wa afya ya akili. Ilisema kwamba anamhudumia mama huyo, kwamba hali yake inahesabiwa ulemavu mbele ya sheria, na kwamba kuishi na mbwa wake, aliyekuwa akitunzwa kwa dada yake, kunampunguzia dalili zake. Ugonjwa wenyewe haukutajwa.

"Soma, mwanangu, uniambie umeelewa nini," alisema Mjomba.

Nilielewa kwamba ana uzito moyoni. Yeye ni mtu wa sala tano, amelelewa katika madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Ngazi ni ya wote. Mtoto wa ghorofa ya kati hucheza mlangoni. Na kila mwenye nyumba aliyemwomba ushauri alimpa jibu lake. Wa kwanza alimwambia amkubalie mbwa lakini atoze ada ya kila mwezi. Wa pili alimhakikishia kwamba mwenye nyumba anayeishi ndani ya jengo lake haguswi na sheria. Wa tatu alisema adai faili la hospitali, mpangaji atakata tamaa mwenyewe.

Mjomba hakuridhika, akaenda kwa wakili. Aliyoambiwa huko yalikuwa darasa kwangu. Sheria ya nchi nzima kuhusu usawa katika makazi ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Ilianza kwa kukataza ubaguzi wa rangi, dini na asili. Mwaka 1988 iliongezewa watu wenye ulemavu, na ndipo mwenye nyumba alipopewa wajibu wa kulegeza kanuni zake pale ambapo kuzishikilia kunamnyima mwenye ulemavu nafasi sawa ya kuishi na kuifurahia nyumba. Kifungu cha kukataza wanyama ni kanuni ya namna hiyo.

Ni kweli kwamba sheria ya nchi humwachia mwenye nyumba anayeishi katika jengo lisilozidi makazi manne. Lakini jimbo la New Jersey lina sheria yake dhidi ya ubaguzi, ya tangu 1945, na mlango wa msamaha huko ni mwembamba zaidi: ni nyumba ya familia mbili, mwenyewe akikaa upande mmoja. Nyumba ya Mjomba ni ya familia tatu. Ushauri wa yule wa pili ungemtia matatani.

Ada nayo haikuruhusiwa. Mnyama wa msaada hahesabiwi kuwa wa kufugwa kwa mapenzi tu, hivyo hatozwi ada wala amana ya ziada, kama vile asiyetembea hatozwi kwa kuingia na kiti chake cha magurudumu. Akiharibu kitu, mpangaji hulipa uharibifu huo, na unaweza kukatwa kwenye amana ya kawaida, ambayo New Jersey haizidi kodi ya mwezi mmoja na nusu. Na faili la hospitali halidaiwi. Ikiwa ulemavu hauonekani kwa macho, mwenye nyumba anaweza kuomba uthibitisho wa kuaminika wa mambo mawili: kwamba mtu ana ulemavu, na kwamba mnyama anahusiana na mahitaji yatokanayo na ulemavu huo. Jina la ugonjwa, dawa na historia ya matibabu vinabaki kuwa siri ya mgonjwa.

Nilimuuliza Mjomba ikiwa mwenye nyumba hana la kusema. Analo. Anaweza kukataa mnyama ambaye kwa matendo yake mwenyewe, si kwa sifa mbaya ya aina yake, ni hatari kwa wengine na hatari hiyo haipunguziki. Machi ya mwaka huohuo wa 2024 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikuwa imetoa uamuzi katika kesi ya mbwa wa faraja, yaani wa namna ya huyu wa mama wa juu, aliyezidi kikomo cha uzito wa pauni 30 kilichowekwa na umoja wa wenye makazi. Ilisema anayeomba ndiye wa kuthibitisha ulemavu wake na kwamba mnyama huenda akahitajika. Akishathibitisha, ni juu ya mwenye makazi kuonyesha kwamba ombi halikubaliki kwa akili. Na kabla ya yote, pande mbili ziketi zizungumze kwa nia njema.

Wenye nyumba wana malalamiko ya kweli pia. Jirani mmoja alinisimulia jinsi mpangaji alivyomletea cheti chenye muhuri wa kung'aa na kitambulisho chenye picha ya mbwa, vyote vimenunuliwa kwenye intaneti. Marekani haina daftari la serikali la wanyama wa msaada, kwa hiyo cheti cha kununua hakithibitishi lolote. Majimbo yameanza kuziba ufa huo. Florida ilifanya udanganyifu wa aina hii kuwa kosa la jinai mwaka 2020. California, tangu Januari 2022, inamtaka mtaalamu awe amekuwa na mteja wake kwa angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Nilimwelewa jirani, lakini sikukubaliana na hasira yake. Aliyenunua cheti amemwibia jirani huyo ada ya mwezi. Yule mama wa ghorofa ya juu ameibiwa kuaminiwa, na hilo halirudishwi kwa risiti.

Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao, fataki kubwa zilirushwa juu ya Mto Hudson, na mtaa mzima ulishuka kuangalia. Kabla jua halijazama nilimwona mama wa juu akiteremka na mkoba wa kulalia. Aliniambia anakwenda kulala kwa dada yake. Sikumuuliza kwa nini, na sikujaribu kuunganisha mambo. Nilitambua tu kwamba usiku ule nyumba anayoilipia kodi haikuwa mahali alipoweza kukaa.

Siku chache baadaye nilimwomba Mjomba twende Morristown. Tulichukua treni ya PATH hadi Hoboken, kisha treni ya jimbo inayopita Newark, South Orange, Summit na Madison, nyumba zikizidi kuachana na miti ikizidi kusongamana. Morristown ndiko ilikotia mizizi The Seeing Eye, shule kongwe kuliko zote za Marekani za mbwa wa kuwaongoza vipofu. Kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, alisafiri hadi Uswisi mwaka 1928, kwa mfunza mbwa Dorothy Harrison Eustis, akarudi na mbwa aliyemwita Buddy. Mwaka uliofuata shule ilianzishwa Nashville, kisha ikahamia New Jersey. Frank alitumia maisha yake kubishana na hoteli na kampuni za reli zilizomwambia yeye aingie, mbwa abaki nje.

Katika uwanja wa katikati ya mji pana sanamu yake, mkono mmoja umenyooka mbele, Buddy kando yake. Hatukuhitaji kuingia shuleni kuona kazi yake. Kwenye njia za mjini, mbwa walikuwa wakifunzwa na walimu wao: wanasimama ukingoni, wanakataa kuvuka gari likikaribia hata wakiamriwa, wanazunguka ngazi na mashimo. Mjomba alisimama muda mrefu akimtazama mmoja aliyekuwa akimpitisha mwalimu wake baina ya meza za mkahawa.

Njiani kurudi tulizungumza juu ya tofauti. Katika maduka na hoteli, sheria ya Marekani humtambua mbwa aliyefunzwa kazi maalumu. Katika makazi mlango ni mpana zaidi, na mbwa wa faraja, asiye na mafunzo hayo, anaweza kukubaliwa. Mwanzoni niliona hapana haki. Treni ilipofika Newark nilikuwa nimeona sababu. Dukani mtu hukaa nusu saa. Nyumbani ndiko anakolala, anakougua, anakoamka saa tisa za usiku bila mtu wa kumwita.

Jambo la dini Mjomba alilipeleka kwa sheikh wake. Sheikh alimkumbusha kwamba Qurani inamtaja mbwa wa watu wa pangoni na inaruhusu mawindo ya mbwa waliofunzwa, na kwamba kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Sala yake iko ndani mwake, na ndani mwake mbwa hataingia. Mbele ya sheria wasiwasi wake haukutosha kuwa sababu ya kukataa. Mbele ya imani yake ulipata jibu, naye akatulia.

Kisha Mjomba alikutana na mama wa juu jikoni kwake, chai ikiwa mezani, wakapatana mambo machache: mbwa atashika ngazi ya nyuma, atakuwa amefungwa kamba kila apitapo mahali pa wote, uchafu wake utaokotwa papo hapo, na chanjo zake zitaonyeshwa. Mama huyo alikubali yote, na moja alilipendekeza mwenyewe. Mjomba akaandika jibu la ndiyo, akalitia saini, akaweka nakala. Alikuwa ndani ya siku 10 ambazo mwongozo wa serikali wa Januari 2020 uliwashauri wenye nyumba kuzifuata. Mbwa alipokuja, mtoto wa kati ndiye aliyetangulia kujua jina lake.

Nimerudi Mombasa nikiwa na msimamo. Mwenye nyumba ana haki ya kulinda mali yake, na haki hiyo haipungui anapomsikiliza mpangaji kwanza. Mikataba yetu mingi ina orodha ndefu ya makatazo na haina mstari hata mmoja wa kumwambia mwenye ulemavu aseme anachohitaji, ingawa Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 54, inataka atendewe kwa heshima. Kwa idhini ya mamangu nimeuandika mstari huo katika mkataba wetu: mpangaji mwenye ulemavu anayehitaji kanuni ilegezwe au kitu kirekebishwe aombe, naye atajibiwa kwa maandishi bila kuulizwa siri za ugonjwa wake. Wa kwanza kuutumia ni mzee wa chumba cha mbele, anayetembelea magongo. Aliomba kizingiti cha mlango wa uani kisawazishwe na chuma cha kushikia kiwekwe chooni. Fundi amekwisha kupima.