Nice ya Leicester, Wema wa Bofu

Hapa Leicester neno nice halipumziki. Jua likitoka ni nice, chai ni nice, mpangaji mpya ni nice. Jirani yangu Mwingereza akionja mahamri na mbaazi za nazi husema hilo hilo, na najua amenisifu kwa moyo mkunjufu.

Neno lenyewe limetoka mbali. Asili yake ni nescius ya Kilatini, yaani asiyejua. Lilipita kwa Wafaransa, na lilipoingia Kiingereza zama za kati, kumwita mtu nice kulikuwa kumwita mpumbavu. Baadaye likawa la mtu mchaguzi, kisha la jambo litakalo uangalifu. Maana ya kupendeza ilishika mizizi karne ya 18. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney analalamika kwamba neno hilo limekuwa sifa ya kila kitu.

Na maneno yetu ya Kiswahili pia yamegeuka. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara; Pwani akawa mwenye mali. Rahisi ilikuwa ya bei tu, leo hata hesabu huwa rahisi.

Lakini kwetu Bofu, Likoni, ng'ambo ya feri, kila sifa ina mwenyewe. Mbaazi ni tamu, leso ni nzuri, mtu ni mwema. Tena mzuri si lazima awe mwema. Posa ikiletwa, shangazi yangu haulizi sura ya kijana. Huuliza, "Ni mwema? Majirani zake wasemaje?" Sura huonekana mlangoni, wema wataka mashahidi.

Sidharau nice. Katika mji wa wageni hufungua mlango bila kuuliza ukoo wala dini, na nimeishi vyema kwa neno hilo. Wema wa Bofu una uzito wake: mtaa mzima unakutazama, na anayeteleza husemwa. Hata hivyo, macho hayo hayo ndiyo hugundua mgonjwa ambaye hajatoka nje tangu asubuhi.

Watoto wetu waliozaliwa huku wanahitaji adabu zote mbili, na ya Leicester wanafunzwa shuleni. Ya Bofu ni juu yetu. Mzazi mwenzangu, mtoto akikwambia bibi yake ni nice, muulize: ni mpole, mkarimu, mcheshi au mwema? Kisha msubiri ajibu kwa Kiswahili.